Subaru Isiyo na Kiyoyozi

Ketrina alilikuta gari katikati ya yadi, milango yote minne imeachwa wazi, kama mgonjwa aliyevuliwa shati kabla daktari hajafika. Ilikuwa Subaru Impreza nyeupe ya miaka ya tisini, yenye paa jeusi, na juu ya boneti ile pua pana ya kumezea hewa ambayo vijana wa Tunduma huitambua ikiwa bado mbali. Pembeni walisimama watu watatu, na hakuna aliyekuwa akimsemesha mwenzake.

Wa kwanza alikuwa Scola, wakala wa forodha na mwenye yadi, ndiye aliyempigia Ketrina simu huko Vwawa asubuhi. Wa pili alikuwa Rabson Sichone, mnunuzi, fundi umeme wa mgodini huko Kitwe. Alizaliwa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ingawa alikichanganya na Kibemba kila alipokasirika. Wa tatu, aliyesimama kando kidogo kana kwamba amechorewa mstari asiuvuke, alikuwa Kashinje, dereva.

Kashinje alikuwa dereva wa IT, mmoja wa wale wanaoyachukua magari ya Japani bandarini Dar es Salaam na kuyafikisha mpakani kwa niaba ya wenyewe walioko Zambia na Kongo. Kazi hiyo haina mkataba mrefu. Ina ufunguo tu, unaotoka mkononi mwa wakala kwenda mkononi mwa dereva, na anayeupata leo ni yule ambaye jana alifikisha gari salama.

Scola alikuwa amelieleza jambo lenyewe kwenye simu bila kupamba. Mteja anasema gari limechunwa njiani. Kiyoyozi hakipo, vioo vya umeme havipo, redio haipo, na zile breki zinazodhibitiwa na kompyuta hazipo. Ketrina aje aseme kama vitu hivyo vilikuwemo. Akisema vilikuwemo, Kashinje atapelekwa polisi jioni hiyo hiyo, na jina lake litarushwa kwenye makundi ya simu ya mawakala wote kuanzia bandarini hadi hapa. Dereva aliyetajwa humo hapewi tena ufunguo na mtu yeyote. Mama yake yuko Kamsamba, bondeni Momba, na mifugo iliyobaki baada ya ukame haimtoshi hata yeye.

Ketrina aliisikia habari ya mama huyo na kuiweka kando. Kazi yake ilikuwa kutathmini magari kwa ajili ya kampuni za bima na mawakala. Alisomea uhandisi wa mitambo, akarudi kwao Mbozi, na kwa miaka mingi alikuwa amejizoeza kutomtazama mtuhumiwa usoni kabla ya kulitazama gari. Nyuso zilishamdanganya mara kadhaa. Bolti hazijawahi.

"Bamayo," Rabson alimwambia kwa heshima ya Kibemba, kama anavyoitwa mama, "mimi nilinunua WRX STI, ile Impreza ya kasi, toleo la nne. Rafiki yangu mgodini anayo hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo. Nimepanda humo miaka. Unabonyeza, kioo kinashuka. Unabonyeza, baridi inakuja. Hii wameivua nguo."

Akauzungusha mkono wa kioo cha mlango wa dereva ili wote waone. Kioo kikashuka kwa kwikwi. Mlinzi wa yadi, aliyekuwa amesogea kusikiliza, alisema vioo vya hivyo yeye aliviona mara ya mwisho kwenye Land Rover ya misheni, na hata ile padri alikuwa anaionea aibu. Scola alimwambia arudi getini.

Ketrina alimuuliza Kashinje swali moja tu: je, kuna chochote alichokiondoa. Kashinje alijibu kwamba alivyolipokea ndivyo alivyolileta. Mara ya kwanza alisema akimtazama Ketrina. Alipoombwa arudie, aliliambia tairi.

Ketrina alivua koti, akafungua sanduku la vifaa na kuanza na milango.

Hakuharakisha. Alitoa skrubu za ubao wa ndani, akauachanisha na bati kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, akamulika ndani kwa tochi. Kioo cha umeme kina mota, mota ina waya, na waya hupita kwenye mpira ulioko kati ya mlango na nguzo. Mwizi anaweza kuiba mota na kufunga mkono wa kuzungushia mahali pake. Akipata nafasi anaweza hata kuvuta waya wote. Asichoweza kuiba ni alama: mstari safi ambao waya huacha kwenye bati mahali ulipolala robo karne huku vumbi likijaa pembeni yake. Ketrina aliitafuta alama hiyo kwenye milango yote minne. Vumbi lilikuwa limetanda sawasawa kila mahali, la zamani, lililoshikamana na mafuta.

Akahamia mbele. Pale ambapo mabomba ya kiyoyozi yangepenya kuingia ndani ya gari palikuwa na kizibo cha mpira cha kiwandani, kimekakamaa na kupasuka kwa uzee. Kompresa haikuwepo, na hakukuwa na dalili kwamba iliwahi kufungwa, wala kishikizo cha rejeta yake nyuma ya bampa. Akalala chini ya gari juu ya boksi alilotandikiwa na Scola, akamulika magurudumu moja moja. Mabomba ya breki yalikwenda moja kwa moja yalikopaswa kwenda, yamekunjwa na mashine, bila kiungo kipya hata kimoja. Mwisho aliingia ndani akatazama dashibodi na dari. Kwenye dari, mbele, juu ya kioo cha kujitazamia, kulikuwa na kiraka cha kitambaa cha ukubwa wa kitabu, kimegundishwa vizuri lakini si kwa mkono wa kiwanda. Alikiandika kuwa taa ya dari iliyotolewa, akatoka.

"Hakuna kilichoibwa," alisema. "Si kwamba vimetolewa. Havikuwahi kuwemo."

Kashinje alishusha pumzi kwa kishindo hadi mlinzi kule getini akageuka. Scola alianza kutafuta kalamu ili Rabson atie saini ya kupokea gari.

Lakini Rabson hakuipokea kalamu. Alikuwa mtu wa nyaya, na maelezo ya alama na vumbi alikuwa ameyaelewa vizuri kuliko Scola. Aliyafikiria, akafika mbali zaidi ya pale alipotaka Ketrina.

"Awe," alikataa, taratibu kabisa. "Kama havikuwahi kuwemo, basi hili si gari langu."

Akaeleza kwa nini. Jirani yake kule Kitwe aliwahi kuuziwa Impreza ya kawaida, ya bei ya chini kabisa, ya vioo vya kuzungusha, iliyotiwa injini ya STI na kubandikwa nembo za STI. Aligundua baada ya mwaka. Rabson alikuwa amekula kiapo kwamba yeye hatachekwa hivyo. Gari lililotoka Japani lilikuwa STI. Lililofika Tunduma ni bodi ya gari la kwenda sokoni. Basi mahali fulani njiani gari zima limebadilishwa.

Alisema bila kelele, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa mazito. Redio iliyopotea ni aibu. Gari zima lililobadilishwa ni kifungo.

"Injinia," Scola alisema, "nilikuita uzime moto, umeniletea upepo."

Ketrina alikuwa anajua jambo ambalo hakutaka kulitamka kabla ya kulithibitisha. Kulikuwa na STI ya aina ya pekee iliyoitwa Type RA, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mashindano. Waliipunguzia kila kitu chenye uzito: kiyoyozi, mota za vioo, redio, breki za kompyuta. Mtu wa mashindano hahitaji baridi, anahitaji wepesi. Ketrina aliwahi kuona moja tu, Mbeya, na hakupewa nafasi ya kuifungua.

Dalili za Type RA alizozijua zilikuwa tatu. Ya kwanza ni injini yenyewe, ile yenye bomba la hewa lililopakwa rangi nyekundu, na hiyo ilikuwepo. Ya pili ni kigurudumu kidogo kando ya breki ya mkono, ambacho dereva hukizungusha kwa kidole kugawanya nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Nacho kilikuwepo, kimechakaa kwa vidole vya mtu fulani wa mbali. Ila injini hufunguliwa, na giaboksi yenye kigurudumu hicho nayo hufunguliwa. Hapa Tunduma kuna mafundi wanaoweza kushusha moja asubuhi na kupandisha nyingine kabla ya jua kuzama, na Rabson angesema hivyo hivyo. Namba ya chesisi ililingana na mwaka wa toleo la nne, lakini haikusema zaidi ya hapo, na karibu yake kulikuwa na rangi ya marudio ya zamani ambayo Ketrina hakuweza kuiapia.

Ilibaki dalili ya tatu, ambayo imo kwenye bodi na haibadilishwi kwa spana. Kwa kuwa gari halina kiyoyozi, Wajapani waliweka dirisha dogo kwenye paa, mbele, lenye kifuniko kinachofunguliwa kwa mkono kutoka ndani, ili upepo umpulizie dereva. Penye dirisha hilo pana Type RA. Pasipo nalo pana jambo jingine.

Alipanda juu ya ngazi ya mlinzi akalitazama paa. Lilikuwa jeusi, tambarare, linang'aa. Hapakuwa na dirisha.

Aligundua pia kwamba weusi ule haukuwa rangi. Ulikuwa stika, ya aina ile wanayopamba nayo bajaji, imevutwa kwa ustadi kutoka ukingo hadi ukingo. Akamuuliza Kashinje imewekwa lini. Kashinje alisema gari lilikuja nayo kutoka Japani.

Ketrina alimwomba Scola picha zilizopigwa bandarini siku gari liliposhuka melini. Zilikuwa nne kwenye simu, zote zimepigwa na mtu mfupi au mvivu, paa halionekani. Lakini katika moja, juu ya kioo cha mbele, kulikuwa na ukanda mwembamba wa bati. Aliukuza kwa vidole. Ukanda ulikuwa mweupe.

Kwa hiyo Kashinje alikuwa amedanganya. Hilo halikuwa hisia. Lilikuwa kwenye picha. Ketrina alijumlisha alichonacho: paa lisilo na dirisha, stika iliyowekwa njiani, kiraka ndani, na dereva mwongo. Ripoti ingeweza kuandikwa kwa sentensi mbili, na ingekuwa ripoti nzuri ambayo mtu yeyote angeitia saini.

Alikuwa na sumaku ndogo aliyoifunga kwa kitambaa laini isikwaruze rangi. Aliitumia kutafuta puti, ule udongo wa gereji unaofukia makunyanzi ya ajali, kwa sababu sumaku hushika bati na haishiki puti. Aliipitisha juu ya stika kuanzia nyuma. Iling'ang'ania kila alipoisogeza. Ilipofika mbele, katikati, juu kabisa ya kile kiraka cha ndani, iliteleza na kuanguka. Akairudisha. Ikaanguka tena. Mahali pa ukubwa wa kitabu hapakuwa na bati.

Rabson aliona sumaku ikianguka akasema ndiyo hayo, paa limeungwa, gari limejengwa kwa vipande. Ketrina hakubisha. Ila kulikuwa na jambo lililokataa kukaa mahali pake. Mtu aliyebadilisha gari zima, akaweka jingine lenye injini na giaboksi ya kulingana, ana haja gani ya kulipamba paa? Mwizi wa namna hiyo huacha kila kitu kama kilivyo. Anayefunika ana kitu cha kufunika, na kilichofunikwa hapa kilikuwa kidogo.

Akawaomba Scola na Rabson wakanywe chai ofisini. Scola alimtazama kidogo, kisha akamshika Rabson mkono na kumwambia kwamba chai ya yadi yake ni mbaya lakini ni ya moto.

Walipobaki wawili, Ketrina alifunga sanduku la vifaa akalikalia. Nje, kwenye barabara kuu, foleni ya malori ya kuvuka mpaka ilisogea urefu wa gari moja, ikasimama tena.

"Kashinje," alisema, "vioo hukuiba. Hilo nimelithibitisha na nitaliandika. Sasa niambie, paa lina nini?"

Kashinje alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na alipochuchumaa mbele yake ilikuwa kama anataka kupunguza mahali anapojaza.

"Nililivunja, mama."

Yaliyofuata aliyasema kwa haraka, kama mzigo unaoporomoka baada ya kamba kukatwa. Gari halikuwa na kiyoyozi tangu Dar es Salaam, na kwenye mlima Kitonga, nyuma ya malori yanayopanda kwa kutambaa, joto lilimzidi. Juu ya kichwa chake akaona mkono mdogo wa plastiki. Akauvuta, akidhani ni taa. Upepo ukamjia usoni, upepo mzuri, akashukuru, akaendelea na safari na kusahau. Baada ya Makambako barabara ilifunguka, akaongeza mwendo, akasikia mlio kama wa sahani. Aliposimama na kurudi nyuma kwa miguu, alikuta kipande cha paa kimelala kando ya lami, bawaba zake zimeliwa na kutu. Chimala mvua ikamkuta. Ilimnyeshea ndani ya gari, kichwani, mbele ya askari wa barabarani aliyecheka mpaka akasahau kumwomba leseni.

Madereva wa IT wana desturi yao, na Ketrina aliijua. Gari likiumia njiani, linatibiwa njiani. Hakuna anayepiga simu. Kila mji una mganga wake: taa iliyopasuka ina mtu wake Morogoro, bampa ina mtu wake Iringa, mkwaruzo una mtu wake Mafinga, na gari hufika Tunduma likiwa limeshapona, likakabidhiwa bila maneno. Dereva mzuri ni yule ambaye makovu ya gari lake hayaonekani. Kwa hiyo Kashinje aliingia Uyole akamtafuta fundi wa bodi. Fundi aliziba tundu kwa kipande cha aluminiamu, akalisawazisha kwa puti, na ndani akabandika kiraka cha kitambaa. Rangi nyeupe ikakataa kulingana. Basi kijana wa stika za bajaji akaitwa.

"Na walipoanza kukutuhumu wizi, kwa nini hukusema?"

"Vioo sikuchukua. Nilijua Mungu atanitetea." Alijifuta uso kwa kiganja. "Paa nimelivunja kweli. Hapo nilikuwa sina wa kunitetea."

Ketrina alimuuliza kile kipande kiko wapi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ile ile aliyoulizia habari za picha, ingawa mkono ulioshika kalamu ulikuwa umesimama.

Kashinje aliinuka akaenda getini. Alirudi na begi lake la safari, na kutoka chini ya nguo akatoa kifurushi kilichofungwa kwa shati kuukuu. Ndani yake mlikuwa na kifuniko cha bati jeupe, cha mraba, kilichobinuka kidogo mbele kama mdomo wa samaki, na ule mkono wa plastiki. Alikuwa amevifuta vumbi.

"Si mali yangu," alieleza, kana kwamba ndilo swali aliloulizwa. "Ningevitupaje?"

Ketrina alifikiria kwamba mtu yeyote angelipekua begi lile asubuhi, kesi ingekwisha hapo hapo. Kipande cha gari la mteja kwenye begi la dereva, kimefichwa chini ya nguo. Hakuna hakimu ambaye angeuliza zaidi. Aliwaita Scola na Rabson.

Stika ile ilikuwa imeshika. Scola alikwenda saluni ya jirani akaazima mashine ya kukaushia nywele, na mwenye saluni akaja nayo mwenyewe kuhakikisha haipulizii kitu kichafu. Joto lililegeza gundi, na Ketrina akaivuta stika polepole kuanzia kona. Chini yake palitokea puti ya kijivu. Aliichokoa kwa ncha ya bisibisi, akainua kile kibati cha aluminiamu, akabandua na kiraka cha kitambaa kilichokuwa chini yake, na mwanga ukaanguka ndani ya gari, juu ya kiti cha dereva.

Kashinje alitazama kando.

"Njoo uangalie," Ketrina alimwambia Rabson. "Usiangalie tundu. Angalia ukingo."

Rabson alipanda ngazi. Ukingo wa lile tundu haukuwa umekatwa na mkasi wa bati. Ulikuwa umekunjwa kwenda ndani kwa mashine, sawa pande zote. Ulizungukwa na mfereji mwembamba wa kupitishia maji ya mvua, wenye vitundu viwili vya kuyatoa. Kwenye kona kulikuwa na nati nne zilizochomelewa kabla ya kupakwa rangi, kwa maana rangi nyeupe ya kiwanda ilikuwa imeingia hadi ndani ya meno yake. Paa hilo halikutobolewa. Lilizaliwa hivyo. Ketrina alichukua kifuniko kutoka kwa Kashinje akakiweka juu, nacho kikakaa bila kusukumwa.

Rabson alipitisha kidole kwenye ukingo wote, mara moja, kisha akarudia. Alikuwa na vidole vya fundi, vinavyoamini kabla ya mdomo.

"Kwa hiyo ndiyo yenyewe?"

"Ni STI, toleo la nne, Type RA. Walitengeneza chache kuliko ile ya rafiki yako."

"Na kiyoyozi?"

Ketrina alielekeza kalamu kwenye tundu. "Ndicho hicho."

Scola ndiye aliyecheka kwanza, na mwenye saluni akamfuata bila kujua anacheka nini. Rabson alijitahidi asicheke, akasema mke wake ni mtu wa Kitwe, hawezi kupakwa vumbi barabara nzima na kisha aambiwe ni gari la maana. Alisema atamweleza kidogo kidogo. Kisha akashuka kwenye ngazi, na alipofika chini hakuwa anacheka tena. Alimsogelea Kashinje, akapinda magoti kidogo, akakunja viganja na kuvigonganisha polepole, kama wafanyavyo kwao mtu anapomwomba radhi anayemheshimu.

Kashinje, Msukuma wa bondeni, hakujua lile linajibiwaje. Aliinamisha kichwa. Baadaye akanyoosha mkono, na Rabson akaupokea kwa mikono miwili.

Scola hakumwacha hivi hivi. Alimwambia mbele ya wote kwamba puti yote ataitoa yeye mwenyewe, bila kukwaruza, na kwamba kuanzia leo gari likiumia anapiga simu. Hata kioo kikilia wakati wa kukifuta, anapiga simu. Kashinje aliitikia kila sentensi. Scola alipomaliza akamuuliza kama atakuwa na nafasi ya kwenda Dar es Salaam wiki ijayo, kuna magari mawili aina ya Noah ya wateja wa Kongo. Aliuliza huku akitafuta kitu kwenye mkoba, kama mtu anayeulizia chumvi.

Ketrina aliandika ripoti akiwa amekaa juu ya sanduku lake. Alianza kwa kukata mstari aliouandika asubuhi kuhusu taa ya dari. Aliweka toleo na aina. Akaeleza ushahidi wa milango, wa breki na wa paa. Akaandika kwamba kifuniko cha paa kiling'oka kwa kutu ya bawaba, kimehifadhiwa na dereva, na kinahitaji bawaba mpya. Alitafakari kama neno "kimehifadhiwa" ni sahihi. Aliliacha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kashinje alikuwa juu ya ngazi, anachokoa mabaki ya puti kwa kijiti cha mti ili asiumize rangi. Alikuwa amefika kwenye mfereji wa maji aliposimama.

"Mama. Wajapani wenyewe ndio walitoboa?"

"Wenyewe."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Aliendelea kuchokoa. Upande wa Nakonde mawingu yalikuwa yanajikusanya, na harufu ya mvua ilikuwa imeshaingia kwenye yadi.

"Sasa mvua ikinyesha?"

Ketrina aliinua uso kutoka kwenye karatasi, akamtazama, kwa mara ya kwanza siku ile, kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari.

"Unafunga," alisema.

Kashinje aliutoa ule mkono wa plastiki mfukoni, akaugeuza kiganjani mara kadhaa, akatikisa kichwa.